Kabla ya kumshika farasi hatamu, jitambue uko katika hali gani

Mwanzisha uzi (saisi, yaani mtunza farasi, Pwani Kaskazini)

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote wanabaraza.

Watu wanaofika ufuoni hapa Mombasa, kuanzia Nyali hadi Shanzu, wakitaka kupanda farasi huuliza maswali mawili: bei ni kiasi gani, na je, mnyama huyu ni mpole? Karibu hakuna anayejiuliza kama yeye mwenyewe, saa ile, ni mpole. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya swali hilo la tatu, kwa sababu kazi ya kutunza farasi na kuwafundisha vijana kuwatunza imenionyesha kwamba matatizo mengi tunayomsingizia farasi huanzia kwa mtu aliyemkaribia akiwa na hasira, hofu au haraka ambayo hajaitambua.

Tuanze na umbile lake. Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu mzingo wote, takriban nyuzi 350, isipokuwa sehemu ndogo mbele kabisa ya paji lake na nyingine nyuma ya mkia. Masikio yake hugeuka kila moja upande wake. Kizazi kwa kizazi, farasi aliyechelewa kutambua kwamba kiumbe kilicho karibu naye kimekaza misuli aliliwa, na aliyewahi akaponea mbio. Kwa hiyo unapoingia bandani na mabega yamepanda hadi masikioni, farasi hana haja ya kujua kwamba umegombana na mwenye nyumba; anachohitaji kujua ni kwamba umekaza mabega, na hilo amekwisha kuliona kabla hujamfikia.

Kisa mashuhuri zaidi cha jambo hili kilitokea Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwalimu mstaafu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye aliaminika kujua hesabu: aliulizwa swali, naye akagonga ukwato chini hadi kufikia jibu. Mwaka 1904 kamati ya wataalamu ilimchunguza, nayo haikuona hila yoyote. Ni Oskar Pfungst aliyeligundua fumbo, akachapisha maelezo yake mwaka 1907. Hans alipatia pale tu muulizaji alipokuwa analijua jibu na kuonekana na farasi. Muulizaji asipolijua, au akifichwa, Hans alikosea. Watu walikuwa wakiinama kidogo sana kutazama ukwato unavyogonga, na idadi sahihi ilipofika, vichwa vyao vilijiinua kwa kiasi ambacho hakuna binadamu aliyekiona. Farasi alikiona, akaacha kugonga.

Kisa hicho husimuliwa kama mzaha juu ya farasi aliyedhaniwa kuwa msomi. Mimi naona habari kubwa iko upande wa watu. Wasomi wenye akili timamu walikuwa wakisema kwa miili yao jambo ambalo hawakujua kwamba wanalisema, na Pfungst mwenyewe, hata baada ya kuijua siri, alitambua kwamba ilimwia vigumu kuzuia ishara zile zisimtoke.

Utafiti wa karibuni zaidi umeelekea huko huko. Nchini Uswidi, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, watu waliwaongoza au kuwapanda farasi katika njia ile ile mara kadhaa, kisha wakaambiwa kwamba safari inayofuata mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa kuungojea, na ya farasi yakapanda vilevile, ingawa farasi hawakuwa wameambiwa chochote. Katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, farasi 28 walionyeshwa picha za nyuso za watu, na utafiti huo wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbele ya uso wa hasira walielekea kutazama kwa jicho la kushoto, na mioyo yao iliongeza kasi upesi zaidi kuliko mbele ya uso wa furaha.

Sasa natoa rai yangu, nanyi mnikosoe. Kuna wanaosema kwamba farasi huona ndani ya moyo wa mtu, kwamba ni hakimu wa nafsi. Siamini hivyo. Farasi husoma mwili: pumzi, mkono, mwendo, uso, na pengine hata harufu ya jasho. Lakini kwa kuwa mwili hutangulia kusema kabla ulimi haujapanga maneno, mtu anayeishi na farasi hulazimika kujijua mapema kuliko alivyozoea. Na hapa ndipo wengi hupotea, maana hudhani dawa ni kuficha. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gross na Levenson, walichapisha mwaka 1993 utafiti ambamo watu walitazama filamu ya kuchukiza huku wakitakiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zao zilitulia kweli, lakini ndani, kwenye mishipa ya damu na jasho la vidole, mwili ulifanya kazi kubwa zaidi ya ule wa wale walioachwa huru. Anayejikaza uso mbele ya farasi humpelekea habari mbili zisizopatana, uso mtulivu na mkono uliokakamaa. Kati ya hizo mbili, farasi huamini ile ya mkono.

Vijana ninaowafundisha, kabla ya kuingia bandani, hutakiwa kutaja hali yao kwa maneno ya kawaida: nimeudhika, naogopa, sikulala, nina haraka. Kisha waseme hali hiyo wanaihisi wapi mwilini, kifuani, tumboni au kwenye taya. Aliyeudhika hafukuzwi wala hasutwi. Hubadilishiwa kazi tu. Atachota maji, atafagia, atasafisha matandiko, na hatamshika farasi hatamu mpaka aone mwenyewe kwamba pumzi yake imeshuka.

Mgeni Barazani

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na nina shaka. Kama farasi angekuwa anachukua kila hofu ya kila mtu, farasi wa ufuoni wangekuwa wendawazimu ifikapo katikati ya Desemba. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta siku za sikukuu una vipaza sauti, mipira, watoto wanaolia, ngamia wanaopita, na wageni kutoka bara ambao hawajawahi kumgusa farasi, na bado wanyama hao hutembea kama kawaida. Pili, unazungumzia anasa. Saisi hulipwa kwa kila mtu anayepanda. Akiamka na hasira asubuhi ya Jumamosi, nani atamngojea hadi pumzi yake ishuke?

Mwanzisha uzi

Ahsante bwana, shaka zako zina uzito.

La kwanza: ni kweli farasi huzoea. Lakini kuna kuzoea, na kuna kujizima, na kwa mbali vyote viwili hufanana. Farasi aliyezoea hugeuza sikio moja kukufuata unapopita, hutingisha ngozi inzi akitua, na hukusogelea au kukuepuka kwa hiari yake. Aliyejizima husimama macho yamekodolea mahali pamoja, masikio hayachezi, na ukimgusa ubavuni ni kama umegusa ukuta. Watalii humwita huyo wa pili mpole. Mimi humpumzisha, kwa sababu farasi wa namna hiyo siku akiamka huamka kwa kishindo.

Kuna njia rahisi ya kumpima. Weka vidole chini ya taya lake, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, uhesabu. Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika, ilhali wetu hupiga kati ya 60 na 100. Ukimkuta amesimama kivulini, hajafanya kazi, na mapigo yamepita sana kiwango hicho, utulivu wake ni wa nje tu, au ana maumivu.

La pili, la mshahara, nakukubalia nusu. Umaskini haumpi mtu nafasi ya kukaa na kujitafakari. Lakini kutambua kwamba umekasirika hakuchukui saa nzima. Huchukua muda wa kufunga mshipi wa tandiko. Ukikuta unaukaza kwa nguvu kuliko kawaida, habari umekwisha kuipata. Huna lazima ya kuwa mtulivu ili ufanye kazi. Unatakiwa ujue kwamba hujatulia, upunguze mwendo, uache kamba ilegee kidogo, na usimpandishe mtoto mdogo kwenye mzunguko huo wa kwanza. Xenophon, Myunani aliyeandika juu ya kutunza farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikuwa askari na si mtu wa kudekezwa, naye alisisitiza kwamba farasi asikaribiwe kwa hasira, kwani hasira haioni mbele na humfanya mtu atende atakayoyajutia.

Mwenye Punda, Changamwe

Nyinyi wenye farasi mna bahati ya kuandikiwa vitabu. Mimi nina punda wa mkokoteni wa maji, na naomba niingie kwa upande huo, maana ni jamaa mmoja.

Tofauti ya kwanza ninayoiona ni kwamba farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama. Huganda. Hapo ndipo binadamu anapomwita mkaidi na kutafuta fimbo. Fikiria mko kwenye barabara ya magari saa saba mchana, jua la kaskazi linachoma, lori linapiga honi nyuma yenu, dereva anakutukana mbele za watu, na punda ameganda kwa sababu ameona kifuniko cha shimo la maji taka kinang'aa. Fimbo itakayompiga pale haitokani na kosa la punda. Inatokana na aibu ya kutukanwa, na deni la duka, na mteja wa jana aliyekataa kulipa. Nimeliona hilo kwa wenzangu wengi, watu wema kabisa nyumbani kwao, ambao hawamwinulii mtoto mkono.

Tena fimbo ile haileti faida hata ya kibiashara. Punda aliyepigwa akiwa ameganda hujifunza kwamba mahali pale kweli pana hatari, kwa kuwa alipafikia akaumia. Kesho ataganda mapema zaidi. Mwenye subira akimwacha anuse, ahesabu mambo yake, akamwongoza kando kidogo, huokoa muda mwingi katika wiki.

Wahenga walisema shukrani za punda ni mateke, nami siwabishii wahenga, ila teke la punda mara nyingi huwaendea watu waliomtokea kwa nyuma, mahali asipoona, wakiwa na haraka. Lamu, ambako punda ndiye usafiri wenyewe, kuna kliniki ya wanyama hao iliyoanzishwa mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary, na wazee wa kule watakuambia kwamba mabega yenye vidonda hueleza tabia ya mwenye punda kuliko ya punda.

Ustadhi wa Majengo

Mabibi na mabwana, nimefurahishwa na mjadala. Sisi Waislamu hatuna haja ya kwenda mbali. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, aliombwa wasia na mtu mmoja akamwambia, "Usikasirike," na mtu yule alipourudia ombi lake alijibiwa lile lile. Katika mafundisho mengine, aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na hasira isipomwondoka alale. Angalieni kwamba dawa imeanzia mwilini, kwa kubadili mkao. Na katika Sunan Abi Dawud, kitabu cha hadithi za Mtume, imepokewa habari ya ngamia aliyemwona Mtume akalia na kutokwa na machozi, naye akampangusa hadi akatulia, kisha akamwonya mwenye ngamia amche Mungu juu ya mnyama aliyemilikishwa, kwa kuwa alikuwa akimtia njaa na kumchosha. Tafiti hizo za mwaka 2009 na 2016 zinathibitisha kwa vipimo. Adabu yenyewe tulikuwa nayo.

Mshauri Nasaha, Mombasa

Naomba niongeze upande wa kazi yangu, na pia niweke tahadhari.

Kutumia farasi katika kuwasaidia watu si jambo geni. Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza kwa polio mwaka 1944, alirudi juu ya tandiko na kushinda medali ya fedha katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, ingawa ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Ushindi wake ulisaidia sana kueneza wazo la kupanda farasi kama tiba ya viungo. Baadaye yakaja mazoezi ya upande wa hisia, ambamo mtu hapandi kabisa. Huongoza farasi au husimama naye uwanjani, na mshauri humuuliza yaliyompitia.

Tahadhari yangu ni juu ya usemi ulioenea kwamba farasi ni kioo cha mtu. Kioo hakina maumivu yake. Farasi anaweza kukataa kukusogelea kwa sababu tandiko la jana limemchubua, au jino linamuuma, au mtu mwenye shati kama lako alimpiga. Tangu mwaka 2014 wataalamu wa mifugo wana kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa farasi: masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma, jicho lililofumbwa nusu, misuli ya taya iliyokaza, pua zilizobana. Mtu aliyekwisha kuumizwa na maisha akiambiwa kwamba farasi amemkimbia kwa sababu ya yaliyomo moyoni mwake, hapo tumemjeruhi mara ya pili. Kujitambua kunajumuisha kujua kwamba jambo fulani halinihusu.

Halafu kuna suala letu la malezi, ambalo nashangaa hakuna aliyeligusa. Sisi watu wa Pwani tumelelewa katika stara. Mtoto hufundishwa kutopandisha sauti, kutoonyesha njaa ugenini, kuitikia "alhamdulillahi" hata mambo yanapokuwa magumu. Ni malezi mazuri, siyabezi hata kidogo. Ila matokeo yake moja ni kwamba watu wengi wazima wanaokaa mbele yangu hawajui kama wana huzuni au hasira. Wanajua tu kwamba kichwa kinauma na kifua kimebana. Wamewaficha wengine kwa ustadi mkubwa hata wakajificha wao wenyewe. Kumbe stara haidai hivyo. Ninaweza kutambua kwamba nimejaa ghadhabu, nikaitaja kimya kimya ndani yangu, na bado nisimvunjie mtu heshima. Utafiti uliofanywa Los Angeles na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mtu anapoipa jina hisia anayoiona usoni mwa mwingine, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari hupunguza mshtuko wake. Naona ndiyo maana zoezi la mwanzisha uzi la kutaja hali mlangoni lina mantiki, hata kama yeye alilipata kazini.

Mgeni Barazani

Bi Mshauri, hoja ya stara imenifikirisha kuliko yote ya farasi. Ila bado nauliza: mtu akishajua kwamba anaogopa, si hofu itazidi? Baadhi yetu tunafanya kazi za hatari kwa sababu hatuifikirii hofu.

Mwanzisha uzi

Huzidi kwa wale wanaoitambua kisha wakaanza kubishana nayo. Ninayemwona akifaulu ni yule anayesema "naogopa", akapumua nje kwa muda mrefu kuliko alivyovuta ndani, akaendelea na kazi ndogo inayofuata: kufungua kamba, kupiga hatua, kusimama. Farasi humtofautisha mtu anayeogopa na kutenda taratibu na mtu anayeogopa na kutenda kwa kushtukiza. Yule wa kwanza, farasi huweza kumfuata.

Mzazi, Kisauni

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Binti yangu wa miaka tisa anatamani sana kupanda farasi, lakini tukifika pale hunishika nguo na kulia. Kaka zake humcheka. Baba yake asema apandishwe tu, atazoea akiwa juu. Nifanyeje?

Mwenye Punda, Changamwe

Dada, usimpandishe akilia. Mtoto anayelia hubana miguu, na mnyama akibanwa mbavu huelewa kwamba anaambiwa aende.

Mwanzisha uzi

Mwenzangu amesema kweli, nami nitaongeza ya utendaji.

Mlete asubuhi mapema, siku isiyo ya sikukuu, maji yakiwa yamepwa, kwa kuwa ufuo huwa mpana na hakuna msongamano, na joto halijampanda mtoto wala farasi. Kaka zake wabaki nyumbani siku hiyo. Baba aje, akipenda, mradi akubali kwamba huenda binti asipande kabisa.

Mwambie kabla hamjaondoka kwamba kuogopa mnyama mkubwa ni akili, asije akadhani anatakiwa kuikana hofu yake. Mkifika, simameni mbali, kwa umbali ambao yeye mwenyewe atauchagua, na umuulize masikio ya farasi yanaelekea wapi. Swali hilo humtoa katika kujitazama na kumpa kazi. Kisha muulize hofu iko wapi mwilini mwake. Watoto hujibu upesi kuliko sisi; atakuonyesha tumbo au koo. Pumueni pamoja mara chache, msogee hatua kadhaa, msimame tena. Akitaka kurudi nyuma, rudini, na msimhesabie kushindwa.

Farasi afikiwe kutoka ubavuni, usawa wa bega, ambako anawaona vizuri. Mtoto aufunge mkono wake na kumwachia farasi aunuse kwanza. Farasi akigeuza kichwa kando, naye amesema hapana kwa leo, na binti yako akiona kwamba hapana ya farasi imeheshimiwa sawa na yake, nadhani atakuwa na la kuwaeleza kaka zake.

Nawe mama, jipime pia. Ukimshika mtoto mkono kwa nguvu huku ukimwambia asiogope, mkono ndio atakaousikiliza. Mkija, msivae viatu vya wazi, na muwahi kabla ya saa mbili. Baadaye ngamia huanza kupita, na farasi wetu mmoja hawapendi hata kidogo.